Hivi mitandao ya kijamii inatuletea utafiti wa tiba, au inatuletea uvumi uliovaa koti jeupe?

#1 Mwana Igogo

Wakuu, salama?

Kuna jambo linanikera wiki ya pili sasa. Binti yangu wa miaka 10 alirudi na karatasi ya shule: wahudumu wa afya wanakuja, wasichana wa miaka 9 hadi 14 watachanjwa HPV, ile ya kukinga virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi. Dozi moja tu, basi. Kabla sijavua viatu, kundi la WhatsApp la wazazi lilishawaka. Kuna voice ya dakika mbili, mwanamke anaongea kwa utulivu kama anasoma taarifa ya habari. Anasema chanjo inafunga kizazi, na kwamba zamani zilikuwa dozi mbili, sasa imeletwa moja kwa sababu "wameikoleza". Juu yake vile vimishale viwili: imesambazwa mara nyingi.

Mimi na kubishana na voice wapi na wapi. Nikakaa na simu mpaka saa saba usiku nikiitafuta hiyo dozi moja imetoka wapi. Nikakuta imetoka Mwanza! Utafiti unaitwa DoRIS, wasichana 930, ulianza 2017, matokeo yakatoka 2022 kwenye jarida la Lancet Global Health. Umethibitisha kuwa dozi moja inazuia saratani. Nimezaliwa Igogo, nauza vipuri mjini hapahapa, nina makundi ya WhatsApp 41, na sikuwahi kusikia hata harufu yake. Voice ya yule mama ilinifikia siku hiyohiyo. Utafiti uliofanyika mtaa wa pili nimeupata baada ya miaka, tena kwa kuuwinda mwenyewe.

Nauliza: hii mitandao inasaidia kweli utafiti wa tiba umfikie msomaji wa kawaida? Au tunajidanganya? Nawasilisha.

#2 Kiroboto wa Buza

Makundi 41? Mkuu, hivyo vipuri unauza saa ngapi?

#3 Fundi Simu

Mleta mada, uongo una miguu, ukweli una gongo. Hilo limepimwa. Watafiti wa MIT, chuo cha Marekani, walichapisha kwenye jarida la Science mwaka 2018, wakapitia habari kama 126,000 zilizosambaa Twitter kuanzia 2006 hadi 2017. Habari ya kweli ilichukua muda mara sita hivi ya ule wa uongo kuwafikia watu 1,500. Wala si roboti, ni sisi wenyewe. Walisema sababu mojawapo ni upya: uongo unakuja na kitu hujawahi kukisikia, na mtu anapenda kuwa wa kwanza kuleta.

"Dozi moja inatosha" haina kishindo. "Wameikoleza" ina kishindo. Huna haja ya kutafuta mchawi.

#4 Bwana Takwimu

Nianze na mleta mada mwenyewe. Umeandika kwenye #1 kuwa DoRIS "umethibitisha dozi moja inazuia saratani". Haukuthibitisha hivyo. Nimeusoma. Wale mabinti 930 waligawanywa makundi sita ya 155: chanjo mbili tofauti, na kila chanjo dozi moja, mbili au tatu. Kisha wakapimwa damu kuangalia kingamwili, yaani vitu ambavyo mwili hutengeneza kupambana na virusi. Baada ya miaka 2, karibu wote waliopata dozi moja walikuwa bado na kingamwili dhidi ya HPV aina ya 16. Kilichopimwa ni kingamwili. Hakuna aliyepimwa saratani, na isingewezekana, kwa kuwa saratani hiyo inachukua miaka mingi sana tangu virusi viingie.

Utafiti uliopima kama dozi moja inazuia maambukizi yenyewe ulifanyika kwa majirani zetu Kenya: KEN SHE, wasichana 2,275 wa miaka 15 hadi 20, huko Kisumu, Thika na Nairobi. Matokeo yalitoka 2022 pia. Kwa miezi 18 chanjo ilizuia maambukizi sugu ya aina ya 16 na 18 kwa asilimia 97.5. Ukiweka huo wa Kenya na wa Mwanza pamoja, ndipo unaona kwa nini Shirika la Afya Duniani lilikubali dozi moja mwaka huohuo, na kwa nini nchi yetu imehamia huko 2024.

Sikusemi kwa ubaya. Ila tazama: wewe ni mtu mwema, umekesha, umesoma, una binti. Na bado kutoka kwenye jarida mpaka kwenye uzi wako, neno "kingamwili" limedondoka njiani na "saratani" imepanda. Yule mama wa voice naye pengine alianza hivihivi.

#5 Mwana Igogo

Nimekubali, nimepigwa mweleka. Ila kunifananisha na mama wa voice umenionea.

#6 Pwani Raha

Hamjambo. Mie niko Kilifi, huku tumekaa na utafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, tangu sijazaliwa. Fundi Simu #3, sikubaliani kwamba tatizo ni upya. Tatizo ni lugha.

Mie nimemaliza kidato cha nne, Kiingereza chanipita si haba, lakini fungua muhtasari wa utafiti hata mmoja uone. Sentensi ya kwanza wapanda, ya pili watafuta pa kushika. Huku waligundua zamani kwamba karatasi haimfikii mtu. Kuna wawakilishi wa jamii, wachaguliwa vijijini, wakutana na watafiti, kisha wao ndio warudi kuzungumza na watu, Kigiriama kwa Mgiriama. Kabla ya hapo wazee walikuwa wasema hawa wachukua damu, ni mumiani. Damu ya kijiko kimoja yazungumzwa kama ndoo. Hiyo ni kabla ya Facebook, ati. Sasa Facebook yaweza nini ambacho baraza la kijiji halikuweza?

#7 Mjukuu wa Kinjekitile

Lugha ni kisingizio. Wazungu wameficha utafiti nyuma ya malipo. Ukibonyeza wanataka dola 30 na ushee kwa makala moja. Nani wa Buza atoe hiyo hela asome kuhusu panya? Wanatutumia kwenye majaribio kisha wanatuuzia majibu.

#8 Bwana Takwimu

Mjukuu, kwa majarida mengi unasema kweli. Kwa hili la Mwanza umekosea: Lancet Global Health ni bure kwa kila mtu, ndiyo maana mleta mada aliusoma saa saba usiku kwa bando lake. Isitoshe, tangu 2002 kuna mpango wa WHO unaitwa Hinari unaovipa vyuo na hospitali za nchi kama yetu majarida bure au kwa bei chee. Kasoro yake, lazima uwe chini ya mwavuli wa chuo. Mwenye duka la vipuri hana neno la siri.

Kwa hiyo mlango ulikuwa wazi na bado hakuna aliyeingia. Malipo peke yake hayaelezi.

#9 Kiroboto wa Buza

Mjukuu wa Kinjekitile, mimi ndiye wa Buza, na nina dola 30. Sijasema tu nitazitumia wapi.

#10 Nesi wa Zamu

Niwape upande mwingine maana mnaongea kama mitandao haijawahi kufanya jambo la maana.

Mimi ni mkunga. Miaka yote tulikuwa tunakadiria damu ya mama aliyejifungua kwa macho. Unaangalia kanga, unaangalia sakafu, unasema "kawaida". Ukiwa umechoka usiku, kila kitu ni kawaida. Mwaka 2023, mwezi Mei, mwenzangu akatuma kwenye kundi letu la wakunga PDF na video fupi: utafiti wa E-MOTIVE, hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, akina mama zaidi ya 210,000. Wanamwekea mama mfuko wa plastiki chini ya makalio, una mistari ya mililita kama chupa ya mtoto ya maziwa. Damu inaingia humo, unasoma. Ikifika 500 hungoji. Hata ikiwa 300 na hali ya mama haikupi amani, unaanza. Na hufanyi kimoja ukasubiri kishindwe ndipo ujaribu cha pili: unakanda mji wa mimba, oksitosini ya kukaza mji, dawa ya tranexamic ya kuzuia damu, drip, unachunguza inatokea wapi, na unaita msaada, vyote kwa mkupuo. Kuvuja damu kwa hatari, upasuaji wa kuzuia damu na vifo vya kuvuja damu, ukivijumlisha, vilipungua kwa asilimia 60.

Niliisoma zamu ya usiku, nimekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, simu asilimia 9. Asubuhi nilimwonyesha mkuu wa wodi. Alichapisha ule mchoro kwa hela yake, akaubandika karibu na sinki. Utafiti wa mwezi huohuo! Zamani ungeufikia kwenye semina baada ya miaka mitatu, kama jina lako limo kwenye posho.

Mjue tu kuwa mfuko wenyewe ulichelewa sana kufika kwetu. WhatsApp ilileta habari, haikuleta plastiki. Kwa muda tulipima kwa beseni na mizani ya watoto.

#11 Mama Kulwa

Nesi, Mungu akuweke. Mimi nilivuja 2009 na waliambizana "kawaida".

#12 Tabibu Mstaafu

Nesi #10 amenikumbusha kidonda.

Nilikuwa tabibu hospitali moja ya wilaya kwa miaka 27. Mtoto akija na homa kali, mikono baridi, amelegea, tulifundishwa kumwongezea maji ya mshipa haraka haraka. Ndivyo vitabu vilivyosema, ndivyo nilivyowafundisha wanafunzi. Mwaka 2011 ukatoka utafiti wa FEAST, watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania. Kwetu ulifanyika Muheza, hospitali ya Teule. Matokeo: waliopewa maji ya haraka walikufa zaidi. Ndani ya saa 48, kama watoto 10 na nusu katika 100, dhidi ya 7 na kitu kwa wale ambao hawakupewa maji hayo.

Mwaka 2011 mimi nilikuwa na Nokia ya tochi. Jambo hili nililisikia 2013, tena kwa bahati, kutoka kwa kijana wa mafunzo kwa vitendo aliyenibishia mbele ya mgonjwa. Nilimfokea. Jioni akaniletea karatasi. Muheza na kituo changu ni mwendo wa basi la asubuhi. Miaka miwili! Ni watoto wangapi niliwapa maji hayo katikati, siku hizi sikai kuhesabu.

Kwa hiyo anayeuliza kama mitandao inasaidia: ningekuwa na hili kundi la Nesi mwaka 2011, ningefokewa mapema.

#13 Nesi wa Zamu

Shikamoo Tabibu. Naomba niongeze haraka kabla mtu hajapiga picha ya skrini: FEAST HAUKUHUSU mtoto anayeharisha. Wenye kuharisha sana na wenye utapiamlo mkali hawakuingizwa. Mtoto anayeharisha anahitaji maji, mpeleke kituoni na mpe ORS njiani. Sitaki kesho kuona status "drip inaua watoto, asema tabibu".

#14 Tabibu Mstaafu

Marahaba. Ni kweli kabisa, nilipaswa kuanza na hilo. Uzee na simu haviivi chungu kimoja.

#15 Mjukuu wa Kinjekitile

Mnaona? Hata tabibu wa miaka 27 amesahau kipande. Sisi wa mtaani tutaweza?

#16 Bwana Takwimu

Nimeona watu wanajibu swali kwa visa. Visa ni vizuri, ila kuna waliolifanyia majaribio swali hilihili, yaani waligawa makala kwa bahati nasibu, nyingine zikatangazwa mitandaoni, nyingine zikaachwa zijitafutie.

Jarida la moyo la Circulation lilifanya hivyo, matokeo yakatoka 2015. Makala 243. Zilizotangazwa Facebook na Twitter hazikufunguliwa zaidi ya zile nyingine, tofauti ilikuwa ya kutafuta kwa kurunzi. Baadaye madaktari wa upasuaji wa moyo na kifua nao wakafanya ya kwao, makala 112, wakapata kinyume: baada ya mwaka mmoja zilizotangazwa Twitter zilinukuliwa zaidi na wanasayansi wengine. Halafu mwaka 2024 wanasayansi 11 wakatoa la tatu kwenye jarida la PLOS ONE: makala 110 walizitangaza, 440 wakazinyamazia. Siku ya kutangazwa, makala ilipakuliwa mara kadhaa zaidi. Baada ya miaka mitatu, kunukuliwa hakukuwa na tofauti ya kuonekana.

Kwa hiyo moja hapana, moja ndiyo, moja "ndiyo ya siku moja". Chagueni.

#17 Fundi Simu

Na kuna ule uliopata kuwa viungo 59 katika 100 vinavyosambazwa Twitter havibonyezwi na mtu hata mmoja. Watu wanasambaza kichwa cha habari tu.

#18 Bwana Takwimu

Upo, wa 2016. Ila ule ulipima viungo vya vyombo vya habari. Majarida ya tiba hayakuwemo.

#19 Kiroboto wa Buza

Ngoja nielewe, Takwimu. Wanapima mitandao kama inasaidia kwa kuhesabu madaktari wakinukuu madaktari? Ni sawa na kupima kama pilau ya harusi ilitosha kwa kuwauliza wapishi. Mama Kulwa yumo kwenye hizo 110?

#20 Bwana Takwimu

Hayumo. Hoja yako ni nzito kuliko ulivyokusudia.

#21 Mzee wa Foleni

Mnailaumu mitandao bure. 2011 nilikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Babu, yule mchungaji mstaafu aliyedai dawa yake inaponya. Shilingi 500. Mti unaitwa mugariga, unachemshwa. Nimelala siku tatu kwenye Land Rover, foleni huoni mwisho mbele wala nyuma. Nani alinipeleka? Redio, magazeti, meseji za kawaida za simu, na shemeji yangu. WhatsApp wakati huo tulikuwa tunaisikia kwa wenye simu za bei. Mawaziri walikunywa, wachungaji walikunywa. Mtu akiwa na ugonjwa usiopona, habari ya kupona itamfikia hata kwa njiwa.

Swali si chombo. Swali ni kwamba kikombe kilisema "utapona" na utafiti unasema "huenda, kwa baadhi, kwa kipindi fulani".

#22 Mama Kulwa

Na ulipona nini baba?

#23 Mzee wa Foleni

Kisukari. Bado ninacho. Land Rover ndiyo sinayo.

#24 Pwani Raha

Mzee wanikumbusha, hata kule kwetu maneno ya chanjo ya pepopunda 2014 kwamba yafunga kizazi yalitoka kwa maaskofu, yakasomwa kanisani, yakaingia magazetini. Kizazi, kizazi, kila chanjo ya mwanamke mwisho wake ni kizazi. Voice ya mleta mada ina babu yake.

#25 Mjukuu wa Kinjekitile

Halafu kila siku "mlonge unaua saratani", "tangawizi inayeyusha uvimbe". Ukifuatilia, ni panya. Panya wamepona magonjwa yote duniani, binadamu tunasubiri.

#26 Bwana Takwimu

Hahaha. Kuna mtafiti, James Heathers, alifungua akaunti ya Twitter mwaka 2019 kwa kazi moja tu: alikuwa anachukua habari ya "dawa mpya yagunduliwa" na kuongeza maneno mawili kwa Kiingereza yenye maana ya "katika panya". Basi. Ilipata wafuasi maelfu kwa maelfu. Huo ndio mfano wangu wa mtandao kusaidia utafiti.

#27 Kiroboto wa Buza

Panya wa Morogoro msiwaguse. Pale chuo cha kilimo SUA kuna shirika la APOPO, panya buku wananusa makohozi wanagundua kifua kikuu. Panya mmoja sampuli 100 kwa dakika 20. Mmoja anaitwa Magawa mpaka kapewa medali ya dhahabu kwa kugundua TB. Mimi nina cheti cha ukarani, sina medali.

#28 Mama Kulwa

Kiroboto, Magawa alikuwa wa mabomu ya ardhini. Alifunzwa Tanzania, kazi akafanyia Kambodia, medali alipewa 2020. Wa kifua kikuu ni wenzake.

#29 Kiroboto wa Buza

Nimesahihishwa kuhusu panya. Siku yangu imekwisha.

#30 Mwana Igogo

Mada yangu imeliwa na panya. Ila nimejifunza kitu hapo: habari ya panya wa Morogoro kila mtu anaijua, na ni utafiti. Kwa nini ile imepita na DoRIS haikupita?

#31 Fundi Simu

Ana masharubu.

#32 Mzanzibari wa Maabela

Assalaam alaykum. Niko Muscat, mama yangu yuko Mwera, Unguja. Mimi naona nyote mnazunguka mbuyu. Utafiti haukosi lugha wala masharubu, unakosa mtu.

Wakati wa korona nilikuwa nampelekea mama viungo vya WHO, vya wizara, makala nzuri kabisa, nyengine za Kiswahili. Hafungui. Akipelekewa voice na bi Asha wa nyumba ya pili, anaisikiliza mara mbili na ananipelekea mimi huku Oman! Siku moja nikachoka, nikaisoma ile makala, nikarekodi kwa sauti yangu, dakika moja na nusu, nikaanza "mama, ni mie, skiza". Kesho yake bi Asha anayo. Keshokutwa imenirudia kutoka kwa shangazi wa Dar.

Hakuna aliyeuliza nimetoa wapi. Wameijua sauti tu. Na hilo nalo linanitia khofu, kwa sababu ningesema uongo ungefika palepale.

#33 Bwana Takwimu

Hili la Mzanzibari sina takwimu zake na linanisumbua. Nirudi nilipo na uhakika.

Mnasahau kuwa mitandao inasahihisha pia. Mwaka 1998 Lancet ilichapisha makala ya daktari Wakefield iliyohusisha chanjo ya surua na usonji, watoto 12 tu. Iliondolewa 2010. Miaka 12, hakuna Facebook ya kulaumu kwa ile ya 1998. Mwaka 2020, tarehe 22 Mei, Lancet hiyohiyo ikachapisha makala ya hydroxychloroquine, dawa ya malaria iliyokuwa inajaribiwa kwa korona, kwa takwimu za kampuni iitwayo Surgisphere. Wanasayansi wakaichambua hadharani mtandaoni, wakauliza hizo hospitali ni zipi, wakaandika barua ya wazi. Tarehe 4 Juni ikaondolewa. Siku 13.

#34 Tabibu Mstaafu

Siku 13, naam, lakini katika hizo 13 WHO ilikuwa imeshasimamisha kwa muda sehemu ya jaribio lake lililohusu dawa hiyo. Na ya Wakefield iliondolewa 2010 na jana nimeletewa na mjukuu wangu kama habari mpya. Kuondoa makala kwenye jarida si kuiondoa kwenye simu ya mjukuu.

#35 Mwana Igogo

Mrejesho. Jana usiku nimeandika kwenye kundi la wazazi. Nimefuata #4 neno kwa neno: mabinti 930, Mwanza, makundi sita, kingamwili, HAWAKUPIMWA SARATANI, kisha wale 2,275 wa Kenya. Nimeandika Kiswahili chepesi, nimempa mke wangu asome kwanza akaelewa. Nikatuma saa mbili na dakika kumi.

Majibu: dole gumba mbili, moja ya mke wangu. Mwalimu wa darasa akaandika "Ahsante mzazi". Chini yake mtu kauliza mchango wa mahafali mwisho lini, na kundi zima likaamka.

#36 Kiroboto wa Buza

Limepita hilo. Andiko refu watu wanaliona kama mkataba wa mkopo. Tuma voice.

#37 Mwana Igogo

Sauti yangu ya kuuzia vipuri. Nani ataamini?

#38 Nesi wa Zamu

Nitumie hilo andiko inbox. Nitarekodi mimi, nina off kesho. Kwa Kiswahili, kisha nitarudia kwa Kisukuma kwa ajili ya mabibi, wao ndio wanaosema mjukuu achanjwe au asichanjwe.

#39 Mzanzibari wa Maabela

Anza kwa kumwamkia mtu. Na usipite dakika moja na nusu.

#40 Nesi wa Zamu

Imetoka dakika mbili na sekunde 20. Sikuweza kupunguza, kila nikikata kipande naona nimemkata Bwana Takwimu.

#41 Bwana Takwimu

Nimeisikiliza. "Kingamwili" umeieleza kama walinzi wa getini. Nimevumilia.

#42 Mwana Igogo

Nimeitupia kundini jana mchana. Wamama wawili wameuliza maswali ya maana: mmoja kama binti aliyeanza hedhi anachanjwa, mwingine kama aliyekwishapata dozi ya zamani arudie. Nesi kawajibu. Yule aliyeleta voice ya kwanza kanyamaza, sijui kakubali au kanuna. Binti yangu kachanjwa leo asubuhi, analalamika mkono na kuomba soda.

#43 Mama Kulwa

Wakuu, niko Geita. Hii voice imenifikia sasa hivi kwenye kundi la kwaya, tayari ina mishale miwili. Ila si ya Nesi. Kuna mtu kairekodi upya kwa sauti yake, ni mwanaume. Wale 930 wamekuwa elfu tisa. Pale pa "hawakupimwa saratani" hapapo. Na anaanza: "Mimi ni daktari bingwa."

#44 Kiroboto wa Buza

Hongera Nesi, umepandishwa cheo.

#45 Nesi wa Zamu

Na jinsia. Huyo bingwa aniletee basi na nyongeza ya mshahara, mimi naingia zamu.